Velikovsky na Kesi ya Zuhura

Jumatatu ya tarehe 3 Aprili 1950, kampuni ya Macmillan ya New York ilitoa kitabu kilichokuwa tayari na mashabiki na maadui kabla hakijafika madukani. Kiliitwa Worlds in Collision, yaani malimwengu yanayogongana. Mwandishi wake, Immanuel Velikovsky, alikuwa daktari wa magonjwa ya akili mwenye umri wa miaka 54, na hakuwahi kushika kazi yoyote ya falaki. Alichodai kilikuwa kizito. Zuhura, nyota ile inayong'aa alfajiri au baada ya magharibi, ni mgeni mbinguni. Ilichomoka katika sayari kubwa ya Mshtarii, ikazurura angani kama nyota yenye mkia, na karibu na mwaka 1500 KK ikaipita dunia kwa ukaribu wa kutisha. Ndipo maji ya Misri yakawa mekundu kwa vumbi lake, giza likatanda, bahari ikagawanyika mbele ya Waisraeli waliokuwa wakikimbia, na mana ikadondoka kutokana na gesi za mkia wake. Miaka 52 baadaye ikarudi, na jua likasimama mbele ya Yoshua kule Gibeoni kwa sababu mzunguko wa dunia ulivurugika. Katika karne ya 8 KK ikapambana na Mirihi, na Mirihi nayo ikaisumbua dunia hadi mwaka 687 KK. Baada ya hapo kila sayari ikatulia katika njia yake, na wanadamu wakasahau.

Hilo la kusahau ndilo lililomkaa moyoni kuliko yote. Velikovsky alizaliwa Vitebsk, katika Belarus ya leo, tarehe 10 Juni 1895, katika familia ya Kiyahudi iliyopenda elimu. Alimaliza udaktari Moscow mwaka 1921, kisha akahamia Berlin, ambako alisimamia uchapishaji wa majuzuu ya makala za wanazuoni wa Kiyahudi yaliyokusudiwa kuwa sehemu ya msingi wa Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Yerusalemu. Aliyehariri sehemu ya hisabati na fizikia alikuwa Albert Einstein. Mwaka 1924 Velikovsky alihamia Palestina, akatibu wagonjwa huko kwa miaka kumi na mitano, na akaenda Vienna kusoma kwa Wilhelm Stekel, mmoja wa wanafunzi wa mwanzo wa Sigmund Freud. Huko ndiko alikopata wazo lililomwongoza maisha yake yote. Mgonjwa huizika hofu kubwa ya utotoni, na hofu hiyo hurudi katika ndoto ikiwa imevaa sura nyingine. Velikovsky aliamini kwamba binadamu wote kwa pamoja wamefanya hivyohivyo. Waliona mbingu zikivurugika, wakashindwa kuikabili hofu ile, wakaificha ndani ya visasili. Kwake yeye, visasili vilikuwa ushahidi wa mtu aliyeona kwa macho yake.

Katikati ya mwaka 1939 alifika New York na mkewe Elisheva, mpiga fidla, pamoja na binti zao wawili. Alikuwa amekuja kwa muda tu, akitaka kuandika kitabu juu ya Freud, Musa na Farao Akhenaten. Wiki chache baadaye vita vikalipuka Ulaya, na familia ikabaki Marekani. Aprili 1940 akajiuliza swali: ikiwa Waisraeli walitoka Misri katikati ya janga kubwa la asili, Wamisri wenyewe waliandika nini? Akaingia maktaba, akakuta mafunjo ya Ipuwer, yaliyohifadhiwa Leiden nchini Uholanzi na kutafsiriwa na Alan Gardiner mwaka 1909. Ndani yake mwenye hekima wa Misri analia kwamba nchi imepinduka, watumwa wamekuwa mabwana, na mto umekuwa damu. Wataalamu waliyaweka maombolezo hayo karne nyingi kabla ya wakati wowote unaokubalika kwa habari za Musa. Velikovsky aliamua kwamba wataalamu ndio waliokosea, na akaanza kuikata historia ya Misri kwa mamia ya miaka ili matukio hayo mawili yakutane.

Miezi michache baadaye, akisoma kitabu cha Yoshua, alisimama kwenye jambo ambalo wengi hulipita haraka: kabla jua halijasimama, mawe yalidondoka kutoka mbinguni. Akasema kama jua lilisimama Kanaani, basi upande wa pili wa dunia usiku ulipaswa kurefuka. Akatafuta katika masimulizi ya Meksiko yaliyoandikwa baada ya kuja kwa Wahispania, na katika kumbukumbu za Cuauhtitlan akakuta habari ya usiku uliokataa kwisha. Naweza kufikiria jinsi moyo wake ulivyodunda. Kuanzia hapo, kwa karibu miaka kumi, alishinda katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Columbia akikusanya mafuriko, mvua za moto na miungu yenye pembe, kutoka kwa Wachina, Wahindi, Wababeli, Wagiriki, Wafini na watu wa visiwa vya Pasifiki.

Velikovsky ana haki yake, na aipate. Wakati ule wasomi wengi walivichukua visasili kama hadithi za watoto wa dunia, hofu za wakulima kuhusu mvua na mavuno zilizopambwa kwa majina ya miungu. Yeye alimkalisha Mchina, Mmeksiko na Mbabeli kwenye meza moja na akawauliza waliona nini. Heshima hiyo ndiyo iliyowavuta wasomaji wake kwa maelfu, na ndiyo iliyonivuta mimi kuifuatilia habari yake. Lakini ina sharti lake. Ukimwita mzee aje kutoa ushahidi, sharti umsikilize hadi mwisho, hata pale anapokukana. Velikovsky alishindwa hapo, na ajabu ni kwamba waliomshambulia kwa kelele zaidi walichelewa sana kuliona kosa hilo kwa sababu wao hawakuwasikiliza wazee kabisa.

Wa kwanza wao alikuwa Harlow Shapley, mkurugenzi wa kituo cha kutazama nyota cha Chuo Kikuu cha Harvard. Hakuwa mtu mdogo. Mwaka 1918 ndiye aliyeonyesha kwamba jua letu haliko katikati ya Njia Nyeupe, kundi kubwa la nyota tulimo, bali liko pembeni. Mwaka 1946 Velikovsky alimfuata New York, akamwomba asome mswada na apime kama hewa ya Zuhura ina gesi za haidrokaboni. Shapley alisema ana shughuli nyingi, ila angeangalia kama msomi anayeaminika angeupendekeza mswada huo. Mwanafalsafa Horace Kallen akausoma na kuupendekeza. Shapley akajibu kwamba madai hayo yakiwa kweli, basi sheria za Newton zote ni uongo, na hakuona haja ya kupoteza muda zaidi. Kama jambo lingeishia hapo, nisingemlaumu. Mtu hawezi kusoma kila mswada unaoletwa mlangoni kwake.

Halikuishia hapo. Januari 1950 jarida la Harper's lilichapisha makala ya Eric Larrabee iliyoeleza kitabu kinachokuja, na nakala zikanunuliwa kwa fujo. Shapley akaandika barua kwa Macmillan, akieleza mshangao wake na kudokeza kwamba hangependa tena kuhusishwa na kampuni inayochapisha mambo ya namna hiyo. Mkuu wa Macmillan, George Brett, aliingiwa na wasiwasi, akaupeleka mswada kwa wasomaji watatu wapya. Wengi wao wakasema kichapishwe, naye akachapisha. Kitabu kikapanda hadi kileleni mwa orodha ya vitabu vilivyouzwa zaidi Marekani.

Hapo ndipo maprofesa walipoishika Macmillan mahali panapouma. Kampuni hiyo iliishi kwa vitabu vya kiada. Mawakala wake walipofika vyuoni, walikuta milango imefungwa: maprofesa hawakutaka kuonana nao maadamu kampuni inamuuza Velikovsky. Dean McLaughlin, mwanafalaki wa Chuo Kikuu cha Michigan, aliandika barua kali ya kukilaani kitabu kile kuwa ni uongo mtupu, na katika barua hiyohiyo akasema kwamba hajakisoma na hatakisoma kamwe. Mwishoni mwa Mei, Brett alimwita Velikovsky akamwomba amfungue kutoka kwenye mkataba. Kitabu kilichokuwa kikiongoza kwa mauzo nchini kikahamishiwa kampuni ya Doubleday, ambayo haikuwa na idara ya vitabu vya kiada na kwa hiyo haikuwa na pa kubanwa. James Putnam, mhariri aliyekipokea kitabu Macmillan baada ya kuitumikia kampuni hiyo miaka 25, alifukuzwa kazi. Gordon Atwater, msimamizi wa jumba la maonyesho ya nyota la Hayden hapo New York, naye akapoteza kazi baada ya kuandika kwamba kitabu kile kinastahili kupimwa kwa akili iliyo wazi. Hakusema kwamba anakiamini.

Wanaume wawili walipoteza riziki yao kwa sababu ya kitabu ambacho hawakukiandika. Jambo hili linaniuma, na linaniuma zaidi kwa kuwa Shapley mwenyewe alijua uchungu wa kuandamwa kwa mawazo. Mwaka 1946 aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyowasaka Wakomunisti, na mwaka huohuo wa 1950 seneta Joseph McCarthy alimtaja hadharani. Alisimama imara kutetea uhuru wake wa kufikiri. Uhuru wa daktari kutoka Vitebsk hakuuona kuwa wa aina moja na wake.

Miongoni mwa wanafalaki wa Harvard alikuwamo mwanamke ambaye habari yake inatufundisha zaidi. Cecilia Payne-Gaposchkin alikuwa ameonyesha mwaka 1925, akiwa bado msichana, kwamba nyota zimeundwa hasa kwa haidrojeni. Mkubwa wa fani yake, Henry Norris Russell, alimwambia hilo haliwezekani, na katika tasnifu yake akalazimika kulipunguza makali jibu lake mwenyewe. Miaka michache baadaye Russell akalifikia jibu lilelile kwa njia nyingine, akakubali. Kwa hiyo Payne-Gaposchkin alifahamu vizuri maana ya kukataliwa ukiwa na haki. Hata hivyo Machi 1950 aliandika makala ya kumpinga Velikovsky akitegemea muhtasari wa magazeti, kabla kitabu hakijatoka. Alipokipata baadaye alikisoma na kuandika tena, safari hii akionyesha mahali ambapo maandiko ya kale yamekatwa vipande na kushonwa upya ili yaseme lisilokuwamo. Uhakiki huo wa pili ulikuwa mzuri. Bahati mbaya wasomaji waliukumbuka ule wa kwanza.

Mwaka 1952 Velikovsky alihamia Princeton, mji alioishi Einstein. Wazee hawa wawili, waliofahamiana tangu Berlin, wakaanza kutembeleana, kuandikiana barua na kubishana kwa Kijerumani. Einstein hakuikubali nadharia ile. Aliona haiendani na mwendo wa sayari unaojulikana kwa vipimo vya uhakika, na alimwambia hivyo waziwazi. Alikerwa pia na namna wenzake walivyomtendea. Wiki chache kabla ya kufa alizungumza na mwanahistoria wa sayansi Bernard Cohen, akamwambia kwamba kitabu kile si kibaya, tatizo lake ni kwamba ni cha kichaa.

Kisha likatokea jambo ambalo wafuasi wa Velikovsky wanalisimulia hadi leo. Oktoba 1953, akihutubia wanafunzi wa Princeton, Velikovsky alidokeza kwamba Mshtarii unaweza kuwa unatoa mawimbi ya redio. Mapema mwaka 1955 vijana wawili wa taasisi ya Carnegie, Bernard Burke na Kenneth Franklin, walikuwa wakisikiliza anga kwa safu ndefu za antena zilizotandazwa kwenye shamba moja huko Maryland. Waliona kelele fulani zikijirudia kwenye karatasi zao za kumbukumbu. Mwanzoni walidhani ni injini ya gari la shamba inayopita jirani. Baadaye wakagundua kwamba kelele hizo zinasogea mbinguni, na mahali zilipo ndipo ulipo Mshtarii. Walitangaza ugunduzi wao Aprili 1955, katika mkutano wa wanafalaki uliofanyika Princeton. Einstein alifariki tarehe 18 ya mwezi huohuo, na Worlds in Collision kilikuwa wazi juu ya meza yake.

Ushindi wa pili ulikuja kutoka Zuhura yenyewe. Velikovsky alikuwa ameandika kwamba sayari hiyo lazima iwe ya moto, kwa kuwa imezaliwa juzi tu. Mwaka 1956 wataalamu wa maabara ya jeshi la majini la Marekani walipima mawimbi yake wakapata dalili za joto kali, na tarehe 14 Desemba 1962 chombo cha anga Mariner 2 kikapita karibu nayo na kuthibitisha. Wiki moja baadaye jarida la Science likachapisha barua ya Valentine Bargmann, mwanafizikia wa Princeton, na Lloyd Motz, mwanafalaki wa Columbia. Hawakukubaliana na nadharia, walisema, lakini haki ni haki: Velikovsky alisema kabla, na atambuliwe.

Ilikuwa barua ya kiungwana, na ingefaa iwe imeandikwa miaka kumi na miwili nyuma. Lakini kubashiri kitu na kukieleza ni mambo mawili mbali. Mawimbi ya Mshtarii yanatokana na uga wake mkubwa wa sumaku na mwezi wake Io unaokatiza ndani yake, na hayana uhusiano wowote na kuzaa sayari. Joto la Zuhura lilikuwa limeshatabiriwa mwaka 1940 na Rupert Wildt, aliyekokotoa kwamba hewa ukaa nyingi ya sayari hiyo hunasa joto la jua hadi kupita kiwango cha maji kuchemka. Velikovsky hakutoa hata tarakimu moja. Vyombo vilivyofuata, kikiwamo Venera 7 cha Wasovieti kilichotua Zuhura tarehe 15 Desemba 1970 na kuleta vipimo kutoka kwenye uso wake, vilionyesha nyuzi joto zipatazo 460 za Selsiasi, hewa ambayo asilimia 96 yake ni hewa ukaa, na mawingu ya asidi ya salfa. Haidrokaboni zilizopaswa kuwa mana hazikuwamo. Na kuna jambo jingine ambalo kwangu linatosha peke yake: njia ya Zuhura kulizunguka jua ni ya duara kuliko ya sayari nyingine yoyote. Nyota yenye mkia iliyozurura na kuzigonga jirani zake juzi haiwezi kupata njia ya duara namna hiyo kwa karne chache.

Hoja za namna hii hazikuwafikia vijana wa miaka ya 1960 na 1970. Kilichowafikia ni kisa cha mzee aliyenyamazishwa na wakubwa. Mwaka 1963 jarida la American Behavioral Scientist lilitoa toleo zima juu ya jinsi wanasayansi walivyomtendea, na Alfred de Grazia akaligeuza kuwa kitabu miaka mitatu baadaye. Huko Portland, Oregon, jarida la wanafunzi liitwalo Pensée lilitoa matoleo kumi yaliyomhusu yeye tu, kati ya 1972 na 1974. Kumbi za vyuo zilijaa alipofika: mzee mrefu mwenye nywele nyeupe na lafudhi ya Kirusi, anayezungumza taratibu kama aliyekwisha kuthibitishwa. Kizazi kilichoona serikali yake ikisema uongo juu ya Vietnam hakikuona shida kuamini kwamba na maprofesa wanaficha kitu. Barua za Shapley zilimpa Velikovsky kile ambacho vitabu vyake peke yake visingempa.

Hatimaye wanasayansi wakaamua kukaa naye meza moja. Tarehe 25 Februari 1974 chama cha Marekani cha kuendeleza sayansi kiliandaa mjadala San Francisco. Velikovsky alikuwa na miaka 78. Upande wa pili alikuwapo Carl Sagan wa Chuo Kikuu cha Cornell, mtu wa maneno matamu, aliyeleta orodha ndefu ya matatizo ya kifizikia na mahesabu ya uwezekano. Magazeti yalimwandika Sagan. Baadhi ya mahesabu yake yenyewe yalikuwa na kasoro, na Robert Jastrow, mwanafalaki aliyempinga Velikovsky vilevile, aliieleza kasoro hiyo hadharani: Sagan aliyachukua matukio ya kugongana kana kwamba hayahusiani, ilhali sayari iliyokwisha kukupita karibu mara moja ina nafasi kubwa ya kurudi. Hata hivyo Sagan alisema baadaye, na akarudia kuandika, kwamba ubaya mkubwa kuliko wote katika habari hii ni jaribio la baadhi ya wanasayansi kuyazima mawazo ya Velikovsky.

Ushahidi uliopaswa kuimaliza kesi uliletwa na mtu ambaye magazeti hayakumjali: Peter Huber, mtaalamu wa takwimu kutoka Zürich ambaye pia alisoma mwandiko wa kikabari. Yeye alifanya kile ambacho Velikovsky aliahidi kwa miaka thelathini na nne. Aliwaita watu wa kale, akawaacha waseme.

Katika jumba la makumbusho la Uingereza mjini London kuna kibao cha udongo kilichotoka katika maktaba ya mfalme Ashurbanipal huko Ninawi, chenye namba K.160. Mwandishi wake alikinakili katika karne ya 7 KK kutoka kwenye nakala za zamani zaidi. Kila kifungu kinataja mwezi na siku ambayo Zuhura ilitoweka upande wa magharibi au wa mashariki, siku ilizokaa bila kuonekana, na siku iliyojitokeza tena upande wa pili, kisha utabiri: mvua itanyesha, au mfalme atampelekea mfalme mwenzake salamu. Kumbukumbu hizo zinachukua miaka 21. Katikati yake kuna mstari wa ajabu usiohusu nyota, unaotaja kiti cha enzi cha dhahabu. Mwaka 1912 Franz Xaver Kugler, padre Mjesuiti aliyebobea katika falaki ya Babeli, alitambua ni kitu gani. Wababeli wa wakati huo hawakuhesabu miaka kwa namba, waliipa majina, na hilo lilikuwa jina la mwaka wa 8 wa mfalme Ammisaduqa, wa nne kumrithi Hammurabi. Wataalamu wanabishana juu ya tarehe kamili za utawala wake, lakini kila pendekezo lao linamweka kabla ya mwaka 1500 KK.

Basi Zuhura ilikuwa ikifanya nini wakati huo ambapo, kwa hesabu ya Velikovsky, ilipaswa kuwa ingali nyota yenye mkia inayozurura? Ilikuwa ikifanya yaleyale inayofanya leo. Huonekana jioni kwa miezi minane na zaidi, hupotea siku chache, huibuka alfajiri kwa muda kama ule, hupotea tena kwa takriban siku 50. Mzunguko mzima ni siku 584, na mizunguko mitano hutimia katika miaka minane pungufu ya siku mbili hivi. Mpangilio huo umo kwenye udongo wa Ninawi. Baadhi ya mistari imeharibika, kwa kuwa wanakili walikosea namba, na Velikovsky aliishika mistari hiyo akisema ndiyo dalili ya sayari iliyokuwa ikiyumba. Mwamba ngoma huvutia kwake. Mistari mingi iliyo sawa aliiacha.

Huber alirudi nyuma zaidi. Katika mji wa Uruk, karibu na mwaka 3000 KK, waandishi wa mwanzo kabisa tunaowajua walimwandika mungu wa kike Inanna wa asubuhi na Inanna wa jioni, kila mmoja na sherehe zake. Inanna ndiye Zuhura. Watu wale walikwisha kumtambua kama nyota moja yenye nyakati mbili, miaka elfu moja na mia tano kabla ya siku ambayo Velikovsky alisema ilimtokea mwanadamu kwa mara ya kwanza kama tishio. Jambo hilo si dogo. Kuifahamu nyota ya alfajiri na ile ya jioni kuwa moja kunahitaji watu wanaokesha, wanaohesabu, wanaomwachia mtoto hesabu aliyoianza baba. Kazi hiyo, ya makuhani na makarani ambao majina yao yamepotea, ndiyo falaki ya kale iliyo kweli, na Velikovsky aliipita akitafuta vilio na moto.

Velikovsky hakushawishika. Mwaka huohuo wa 1974 chuo kikuu cha Lethbridge nchini Kanada kilimpa shahada ya heshima, na vitabu vyake vya kupanga upya historia ya Misri vikaendelea kutoka, kimoja mwaka 1977 na kingine 1978. Aprili 1978 wafuasi wake wa Uingereza walikutana Glasgow wakaipima historia hiyo kwa orodha za wafalme na matabaka ya udongo, na kadhaa kati yao wakatoka wakisema haisimami. Alifariki Princeton tarehe 17 Novemba 1979, akiwa na miaka 84.

Miezi saba baadaye, Juni 1980, Luis Alvarez na mwanawe Walter, pamoja na Frank Asaro na Helen Michel, walichapisha hoja kwamba jiwe kubwa kutoka angani liliipiga dunia na kuangamiza madinosaria. Mashabiki wa Velikovsky walishangilia: maafa kutoka mbinguni yamekubaliwa! Lakini Alvarez na wenzake walikuja na tabaka jembamba la udongo kutoka Gubbio nchini Italia, lenye madini ya iridiamu mara 30 hivi zaidi ya kawaida, na tabaka kama hilo likaonekana Denmark na New Zealand. Mwaka 1991 wanasayansi walilitambua shimo lenyewe, lililofukiwa chini ya Chicxulub huko Meksiko. Maafa ya Velikovsky yangekuwa ya juzi tu, na alama zake zingekuwa kila mahali.

Mahali pa kuzitafuta palikuwapo. Juu ya milima ya White Mountains huko California kuna misonobari iliyo hai tangu kabla ya piramidi ya Khufu kujengwa. Pete zake zinahesabika mwaka baada ya mwaka kupita 1500 KK na 687 KK, bila dalili ya dunia kusimama au misitu kuungua kila bara. Na Greenland, mwaka 1966, wachimbaji wa Camp Century walifika chini kabisa ya barafu kwa kutoboa mita 1,387. Kila theluji ya mwaka hulala juu ya ile ya mwaka uliotangulia, na volkano ikilipuka popote duniani, asidi yake huacha mstari. Mkia wa nyota uliotia damu mto Nili na kuifunika dunia kwa giza ungeacha tabaka nene. Halikuonekana.

Barafu hiyo ilimfikia mtu mmoja ambaye matusi yasingemfikia. Leroy Ellenberger alikuwa mhariri wa ngazi ya juu katika Kronos, jarida lililoanzishwa kuendeleza kazi ya Velikovsky, na alimtetea mzee kwa miaka. Katika miaka ya 1980 alikaa na vipimo vya Greenland, akatafuta tabaka lile, akalikosa, akajitoa. Tangu hapo akawa mpinzani mkali kuliko wote, kwa kuwa alikijua kila kifungu cha Worlds in Collision na kila rejeo lililoko chini yake.